Vichupa Visivyo na Majina

Dar es Salaam
22 Januari 1995

Mdogo wangu Tulia,

Kifurushi hiki amekileta Meshaki, kondakta, na nimemwambia ni vitenge. Vitenge vipo kweli, viwili, vya kwako. Ila usivikunjue mbele ya watu. Ndani yake kuna vichupa kumi na viwili vya unga, maji ya kuchanganyia, mabomba ya sindano, na kichupa kimoja nilichokifunga uzi mwekundu. Kila jioni changanya kimoja cha unga na ujichome pajani, kama nilivyokuonyesha Krismasi ulipokuwa unafumba macho kama mtoto wa shule ya chekechea, na wewe mwalimu mzima. Siku ya kumi na tatu choma cha uzi mwekundu. Siku hiyo na mbili zinazofuata Ackson awe nyumbani. Mengine sikufundishi.

Majina nimeyabandua, usiulize. Ni masalio ya kliniki na daktari wangu hajui. Tangu serikali iruhusu hospitali za watu binafsi, wake za wakubwa wanapanga foleni kwetu kwa dawa hii hii, na nimewaona wakirudi na matumbo, wakituletea keki. Hao tunawapima kwa mashine ya picha kila baada ya siku mbili. Wewe mashine huna, lakini una mimi.

Miaka tisa ya ndoa inatosha, Tulia. Nilipokuja Krismasi nilisikia shangazi za Ackson wakimtaja yule binti wa Kyimo, tena bila kushusha sauti. Siwezi kukaa hapa nikichoma sindano wake za watu na mdogo wangu aletewe mwenzake.

Na yale maji ya mizizi anayokuchemshia mama mkwe wako, mwaga migombani. Mshukuru, mwambie ndaga, rudisha chungu.

Nisalimie Ackson. Baba mkwe wako simtumii salamu, maana najua utamkimbia kabla hujazifikisha.

Dada yako,
Prisca

---

Lufingo
11 Februari 1995

Dada Prisca,

Nimemaliza zote. Nilikuwa najichoma stoo, nimekaa kwenye gunia la maharage, na siku ya tano niliacha kufumba macho. Cha uzi mwekundu nilichoma Jumatatu. Ackson alikuwepo hadi Alhamisi, kisha akaondoka na lori la ndizi kwenda Tunduma. Hajui habari ya sindano. Anajua vitenge tu, na amevisifu.

Maji ya mama nimeyamwaga kila siku kwenye mgomba ule wa nyuma ya jiko, kama ulivyoagiza. Najisikia vibaya. Anaamka mapema kuchemsha, anakuja nayo akiwa ameyafunika kwa jani, anasimama mlangoni anasubiri nimshukuru. Nachukua, namwambia nitakunywa yakipoa. Vichupa vitupu nimevifukia hapo hapo.

Sasa nakuuliza jambo. Tangu juzi tumbo limejaa. Sketi ya kazini haifungi, nimeishika kwa pini. Chakula hakipiti, natapika, na usiku nikilala chali pumzi inakuwa fupi, inabidi nikae. Mwanzoni nilifurahi, nikajiangalia kwenye kioo cha kabati kama mjinga. Leo nimeanza kuogopa. Hii ni kawaida? Niende zahanati? Nijibu mara moja, Meshaki anarudi huku Jumanne.

Tulia

---

Dar es Salaam
13 Februari 1995

Tulia,

Hiyo ni dalili njema. Dawa imekamata. Mayai yamekua mengi kwa pamoja, ndiyo yanayosukuma tumbo, na ndivyo inavyotakiwa. Usiende zahanati. Yule tabibu atakuuliza maswali, atakupa dawa ya minyoo, atakuharibia kazi yote. Lala, kunywa uji, usibebe ndoo. Pumzi itarudi yenyewe.

Andaa jina. Akiwa wa kike asiitwe kwa jina la shangazi yeyote wa Ackson.

Nakupenda sana, mwoga wangu.

Prisca

---

Wodi ya wanawake
5 Machi 1995

Dada,

Samahani kwa mwandiko. Kalamu nimeazima kwa muuguzi na mkono mmoja una dripu.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Niliisoma mara nyingi, nikalala kama ulivyosema. Alhamisi sikuweza kuvaa chochote isipokuwa kanga. Ijumaa sikukojoa kutwa nzima. Jumamosi asubuhi mama alikuja na chungu chake, akanikuta nimekaa sakafuni nahema, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Alitoka nje akamwita mumewe.

Wewe ulikuwa unanicheka nikisikia kikohozi cha baba mkwe njiani naruka migombani. Miaka tisa sijawahi kumtazama usoni, wala yeye mimi, kama mila inavyotaka. Siku hiyo mama alimshika mkono akamwingiza ndani ya nyumba yangu. Alinibeba mgongoni, mzee wa miaka sitini na nane, hadi barabarani, akasimama katikati ya njia kuzuia gari la majani ya chai. Nililazwa juu ya majani mabichi. Nakumbuka ule ubaridi mgongoni na harufu yake. Kila nilipofumbua macho nilimwona amekaa pembeni, ameangalia kando, na kofia ameishikilia usoni upande wangu.

Hospitalini muuguzi akaniuliza kwa sauti, umekunywa nini, mama? Baba mkwe alikuwa mlangoni, ametupa mgongo, maana walimtaka mtu wa kuweka saini. Dada, ningesemaje? Niseme mayai, niseme kizazi, niseme siku alizokuwepo mwanawe nyumbani, na yeye anasikia? Muuguzi akasema, "Ni dawa za kienyeji?" Nikatikisa kichwa kukubali.

Mtikiso mmoja tu wa kichwa, dada. Sikufungua hata mdomo.

Walitoboa tumbo wakatoa maji, mabeseni mawili. Baada ya wiki moja kifuko cha mayai cha kulia kilijinyonga ndani, wakanipasua wakakiondoa. Mimba haikuwepo. Daktari anadhani mizizi imeniharibu ini, ananipa dawa ya kukojoa ili maji yakauke.

Nimeamua kumwambia ukweli peke yake, baba akiwa hayupo. Lakini nitamwambia nini? Vichupa havina majina. Niandikie ile dawa inaitwaje na ilikuwa na nguvu gani. Fanya haraka.

Tulia

---

Dar es Salaam
9 Machi 1995

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako chooni kliniki, nimekaa humo hadi wenzangu wakagonga mlango. Ningekuwa na mabawa ningekuja. Daktari hanipi ruhusa, wagonjwa ni wengi.

Nisikilize kwa makini. Maji wameshayatoa, kilichoharibika wameshakiondoa. Jina la dawa halitakirudisha. Ukitaja sindano watauliza imetoka wapi, utasema kwa dada, na dada atafukuzwa, atanyang'anywa leseni, pengine na polisi watakuja. Nina mwanangu Happy kidato cha pili na hana baba. Hivi sasa wote wanaamini ni mizizi, na mizizi haimfungi mtu. Yule mama ni mzee, watamgombeza, atanuna, yataisha.

Barua zangu mbili zile, ya Januari na ya Februari, zichome. Zichome leo hii, mwambie mtu akuletee kiberiti. Hasa ya Februari.

Nakutumia maziwa ya unga na sukari. Kula.

Prisca

---

Wodi ya wanawake
26 Machi 1995

Dada Prisca,

Maziwa yamefika, nimewagawia wenzangu.

Umesema yataisha. Baba mkwe alirudi nyumbani siku ile ile akavunja vyungu vya mama vyote, hata cha kupikia maharage. Kisha akampeleka mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa, maana ni mzee mwenzao na hakutaka isemwe amemficha mkewe. Wakamuuliza kama alimpa mke wa mwanawe dawa za mizizi. Akasema ndiyo. Wakamuuliza kama anajua kanisa linakataza. Akasema ndiyo. Wametangaza Jumapili kwamba ametengwa na meza ya Bwana, hadi watakapoona ametubu. Ackson amerudi. Hasemi na mama yake. Anapita kwenye ua wao bila kumsalimu, yeye aliyekuwa hapiti bila kuonja chungu.

Na mama ndiye anayenihudumia. Anatembea kutoka Lufingo na kikapu kichwani. Ananiosha, anamwaga mkojo wangu, analala sakafuni chini ya kitanda changu. Jumapili anakwenda kukaa benchi la nyuma kabisa na waliotengwa, kisha anarudi kunikandakanda mgongo. Sijui kama anajua sikuwahi kumeza hata tone la maji yake. Nikimtazama natamani anipige.

Mguu wa kushoto umevimba tangu Jumatano, wa moto, mgumu kama kisiki. Daktari anakunja uso. Anasema hauendani na sumu ya mizizi. Ameniuliza tena, mara mbili, kama kuna kingine nilichotumia. Mara zote mbili nimesema hapana, kwa ajili yako. Ya kwanza nilisingizia aibu ya baba mkwe, lakini mara hizi baba mkwe hakuwepo. Hizi mbili ni zangu mimi.

Barua zako sijazichoma. Kiberiti kipo.

Tulia

---

Lufingo
3 Aprili 1995

Ugonile, mwanangu Prisca.

Mimi ni Anyosisye, mama yake Ackson. Anayeshika kalamu ni mwalimu Ambwene, anafundisha na Tulia. Nimemwapisha asiseme, naye ameapa. Kiswahili changu si kizuri, amesema ataandika nilivyosema.

Mimi nilitangulia kujua. Nilikwenda kwenye mgomba ule wa nyuma ya jiko kuchimba magimbi, nikaona udongo umelowa wakati mvua haijanyesha, unanuka dawa yangu. Nikajua hanywi. Nilicheka kidogo, nikasema hawa waliosoma. Nikachimba, jembe likagonga vioo. Vichupa vidogo vidogo, na sindano. Nikavifukia tena, nikatia na majivu juu. Hii ilikuwa siku ya Ijumaa, kesho yake ndiyo nilimkuta sakafuni.

Utauliza kwa nini wazee waliponiuliza sikusema. Waliniuliza kama nilimpa. Nilimpa. Hawakuniuliza kama alikunywa. Ningetoa vile vioo, watu wangesema mke wa Ackson anajichoma sindano kwa siri, na za nini, na amezipata wapi. Shangazi za Ackson wanangoja neno kama hilo wamrudishe kwenu. Mimi sikumzaa Tulia, lakini watoto wangu wa kike watatu nimewazika, na huyu ndiye aliyebaki kuniita mama. Basi nikanyamaza. Meza ya Bwana ipo, haihami.

Lakini sasa mguu. Jana daktari alinitoa nje, akaniambia, "Mama, damu imeganda mguuni, ikipanda kifuani tutampoteza, nami namtibu gizani." Nilikwenda kumchimbia vile vioo. Nimempelekea vitano kwenye kitambaa. Akavigeuza kwenye mwanga, akasema havina majina, havimwambii kitu.

Barua yako moja nilimwona nayo huyu mtoto Tulia, anaisoma akiwa amejifunika shuka, analia. Sijui kusoma na sikumwomba Ambwene anisomee. Lakini najua dada ana kazi ya sindano, na vitenge vilitoka kwa dada.

Sikuombi useme kanisani. Sikuombi chochote cha kwangu. Mwambie daktari jina la ile dawa. Hilo tu, na uliseme upesi.

Ni mimi,
Anyosisye
(dole gumba)

---

Dar es Salaam
5 Aprili 1995

Kwa Daktari wa wodi ya wanawake. Nakala kwa Wazee wa Kanisa, Lufingo, isomwe mbele ya washirika.

Mimi Prisca, muuguzi, leseni yangu ya uuguzi imeambatanishwa ndani ya bahasha hii, yenyewe, si nakala.

Jana nilipiga simu ya posta hadi laini ilipokatika, kwa hiyo barua hii anaileta Meshaki wa basi mkononi, na ataisubiri saini. Pamoja nayo ni karatasi yenye majina ya dawa zote mbili, nguvu yake, na tarehe Tulia alizojichoma. Ni sindano za kukuza mayai ya mwanamke na ya kuyapevusha. Daktari, dawa ya kukojoa tafadhali isimamishwe leo. Maji yanatoka kwenye mishipa yake na damu inabaki nzito, ndiyo maana ya mguu. Utajua la kufanya kuliko mimi. Nilijitia kujua, na ndipo tulipofika hapa.

Tulia hakunywa dawa ya Bibi Anyosisye. Niliagiza imwagwe, ikamwagwa yote. Alipoulizwa mbele ya baba mkwe wake alishindwa kutaja mambo ya kizazi, na wote mnajua kwa nini. Baada ya hapo alinyamaza kwa sababu nilimwomba. Bibi Anyosisye alikuta vichupa akanyamaza ili mke wa mwanawe asirudishwe kwao. Katika watu watatu tuliojua, ni yeye peke yake aliyenyamaza kwa ajili ya mwingine, na ndiye mliyemwadhibu.

Kuna moja bado. Septemba mwaka jana, mama mmoja wa Ilala alirudi kliniki kwetu na tumbo kama la Tulia na pumzi kama ya Tulia, baada ya sindano zizo hizo. Nilimkalisha kwenye benchi nikamwambia ni dalili njema, kwa maana ndivyo tulivyokuwa tunawaambia. Alikufa siku ya tatu. Tuliambiwa tusilizungumze na sikulizungumza. Kwa hiyo Tulia aliponiandikia tarehe 11 Februari kuniuliza kama ni kawaida, nilikuwa najua. Nilijiambia ni mmoja kati ya wengi. Niliogopa akienda zahanati nitajulikana, na nilitaka mno awe na mtoto, na sijui hata leo ni kipi kilichoshika kalamu. Nilimwandikia maneno yale yale niliyomwambia yule mama.

Daktari wangu nimemwambia leo asubuhi kwamba nimeandika. Saa nne nilikuwa nimeshatoka kazini.

Prisca

---

Lufingo
23 Aprili 1995

Prisca,

Nimeruhusiwa jana. Barua yako ilifika tarehe saba saa mbili asubuhi. Daktari aliisoma amesimama, akafuta dawa ya kukojoa kwa kalamu pale pale, akatuma gari Mbeya kufuata sindano za kuzuia damu kuganda. Amesema zilikuwa zimebaki siku moja au mbili tu kabla ya kunipoteza. Mguu umepungua uvimbe, ila nitauburuta, na kupanda kilima cha shule nitapumzika mara tatu. Kifuko cha mayai cha kushoto kimebaki. Amesema nisiulize habari zake mwaka huu.

Wazee waliisoma nakala yao Ijumaa Kuu. Sikuwepo, Ambwene alinisimulia. Waliisoma hadi mwisho, na sehemu ya kizazi pia, na baba mkwe amekaa pale mbele. Alisimama akasema vyungu alivunja yeye, na atavinunua yeye. Pasaka mama alirudishwa mezani. Aliporudi nyumbani Ackson alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko lake tangu alfajiri, hajui aanzie wapi, na mama akampa viazi amenye.

Jana jioni baba mkwe alikuja hadi nje ya dirisha langu, akanipa mgongo, akaniulizia mguu kupitia kwa mkewe. Mama alikuwa katikati anapokea neno huku na kulipeleka kule, na sote tulikuwa tunasikia. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kukueleza.

Yule mama wa Ilala namwota. Sijui jina lake, na wewe hukuliandika. Kama alikuwa na watu, watafute.

Barua yako ya Februari sikuichoma. Nilimpa daktari, ameigundisha kwenye faili langu, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu kwamba wauguzi wote waisome. Hata nikitaka sasa, si yangu tena.

Meshaki anakuletea mkungu wa ndizi na kikapu cha parachichi. Mama amefungasha mwenyewe. Anasema umepoteza kazi na una mtoto wa kulisha, na kikapu ukirudishe, hana kingine.

Vimetoka kwa mama, Prisca. Mimi bado.

Tulia